Helmeti ya kufunuka kidevu kwa bajeti ya mlalahoi: ipi itabaki imefungwa ukianguka?

Makabe Juu

Wakuu, poleni na foleni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite salama.

Naishi Mbezi, kibarua changu kiko Posta, na huu ni mwaka wa tatu natumia pikipiki ya Boxer kwenda na kurudi. Navaa miwani yenye namba kubwa. Nikiivua, basi la mwendokasi naliona kama ukuta wa bluu unaotembea. Sasa miwani na helmeti ya kufunika uso mzima havipatani. Unavua miwani, unavaa helmeti, unapenyeza miwani kwa kubahatisha, mguu mmoja unaingia sikioni. Ukifika sheli, vua. Getini, vua, mlinzi anataka kuona sura. Ndiyo maana mwaka jana nikanunua Kariakoo hizi za kufunuka, wauzaji wanaziita modula: unabonyeza kitufe kidevuni, mbele yote inapanda juu, unaongea, unakunywa maji, unafunga, safari inaendelea. Elfu tisini. Nyeusi ya kung'aa, nyuma ina stika ya usalama ya DOT. Nikajiona nimemaliza.

Wiki tatu zilizopita, pale Kimara, mvua imetoka kukatika, bajaji ikanikatia mbele bila taa wala huruma. Sikuwa kasi, kama arobaini hivi. Nililala ubavu wa kushoto na kichwa kikagonga lami mara mbili. Pigo la kwanza lilifungua kidevu cha helmeti. La pili nililipokea kwa kidevu changu mwenyewe. Nyuzi saba, jino la mbele limepungua ncha, miwani tusiizungumzie.

Nilipopata nafuu nikachukua bisibisi nikaifungua ile helmeti. Komeo linaloshika kidevu ni vijino viwili vya plastiki, kimoja kila upande, vyembamba kama vya mfuniko wa bakuli la kubebea chakula. Cha kulia kimekatika siku ile. Cha kushoto kilikatika zamani, pale kilipovunjikia pameshajaa vumbi. Yaani nilikuwa natembea na komeo moja, na kila asubuhi nikisikia "tak" najua imefunga.

Bado nataka ya kufunuka, kwa sababu ya miwani. Nina laki tatu, nikijibana sana nne. Nitajuaje dukani kwamba hii itabaki imefungwa? Mwenye uzoefu aniambie, natanguliza shukrani.

Ngoja Waje

Pole sana mkuu. Nimevuta kigoda, nawasubiri wataalamu.

Boxer wa Buza

Pole bosi. Ila mnapenda kujipa presha. Elementi ni elementi tu. Mimi nina miaka tisa barabarani, yangu ya elfu ishirini na tano, nusu kichwa, upepo unapita vizuri. Dereva makini haanguki.

Makabe Juu

Bajaji haikuniuliza kama mimi ni makini.

Nesi wa Zamu

Boxer wa Buza, kaka yangu, usiku mmoja njoo ukae nasi mapokezi ya majeruhi, halafu urudi hapa uandike upya. Wengi tunaowapokea wamegongwa na mtu mwingine, na umakini wao wote ulikuwa mfukoni.

Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, walipitia tafiti za helmeti wakatoa matokeo 2008: mwendeshaji aliyevaa, hatari ya kufa inapungua kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hapo ni kuvaa tu. Kuhusu nusu kichwa, mtafiti wa Ujerumani, Dietmar Otte, alichora ramani ya sehemu za helmeti zilizopigwa kwenye ajali halisi. Eneo la kidevu peke yake lilibeba kama theluthi ya mapigo. Hiyo nusu yako inaacha theluthi hiyo wazi. Na ya mleta mada iliyojifungua iligeuka kuwa nusu katikati ya ajali.

Pole sana Makabe. Kwenye jino wahi kwa daktari wa meno hata kama haliumi.

Fundi Gerezani

Nimeuza spea na vifaa vya pikipiki muda mrefu, sasa nafanya ufundi tu kwa hiyo sina cha kukuuzia. Nitaandika kirefu.

Kwanza mjue ndani ya helmeti kuna nini. Juu kuna gamba. Za bei ya chini ni plastiki ya ABS, zikipanda kidogo ni polikaboneti, juu zaidi ni faiba. Chini ya gamba kuna lile povu jeupe gumu, jamii moja na la kufungashia friji. Hilo povu ndilo linalookoa maisha. Ukipigwa linabonyea, na kule kubonyea ndiko kunakopunguza kasi ya kichwa kabla ubongo haujagonga fuvu. Likishabonyea halirudi. Sponji laini unayoigusa kwa mkono ni ya starehe, haikingi kitu. Ziko helmeti nimezipasua mwenyewe nikakuta sponji na gamba tu, povu hakuna, au lipo juu ya utosi kama kibandiko. Kwa hiyo ukifika dukani vuta sponji pembeni, nyingi hutoka kwa vifungo. Bonyeza kwa kucha. Muuzaji akikataa usivute, mshukuru na uondoke.

Sasa komeo. Modula ina bawaba mbili masikioni na komeo mbili karibu na taya, kushoto na kulia. Fungua kidevu uangalie pini zinazopokea. Nzuri zina pini za chuma na ndoano za chuma. Za plastiki zote ziache hapo hapo. Kisha funga, shika kidevu kwa mikono miwili na ukivute juu kwa nguvu bila kubonyeza kitufe, halafu kipindishe upande mmoja baada ya mwingine. Kikicheza upande mmoja, komeo la upande huo halishiki. Fanya hivyo hata kwa uliyonayo nyumbani, kila mwezi. Makabe, sauti ya "tak" inatoka hata upande mmoja ukishika peke yake. Ndiyo iliyokudanganya.

Tatu, alama, na hapa ndipo watu wanapopigwa. DOT ni kiwango cha Marekani, jina lake kamili FMVSS 218. Kwa utaratibu wao, mtengenezaji anajithibitisha mwenyewe, serikali inanunua chache baadaye na kupima. Kiwango hicho hakipimi kabisa uimara wa kidevu. Kwa hiyo hata DOT halali haikujibu swali lako, sembuse stika ambayo inachapwa popote kwa mamia. Tangu 2013 stika halali inatakiwa iandikwe jina la kampuni, modeli, na maneno "FMVSS No. 218" na "Certified". Yenye herufi tatu tu, DOT, ni pambo.

Unayoitafuta ni ECE, kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa. Haibandikwi nyuma ya helmeti. Ni kitambaa kilichoshonwa kwenye mkanda wa kidevu. Utaona duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha: E1 Ujerumani, E2 Ufaransa, E3 Italia, E4 Uholanzi, E9 Hispania. Chini yake namba ndefu. Ikianza na 05 ni toleo la zamani, ikianza na 06 ni toleo jipya lililoanza kutumika 2021, ambalo limeongeza mapigo ya kasi ndogo na kubwa na kipimo cha kichwa kujizungusha. Ya 05 ya kweli si takataka, usije ukaikimbia ukaishia kwenye stika.

Mwisho wa namba hiyo kuna herufi, na kwa modula herufi hizo ndizo pesa yako. P maana yake kidevu kimepimwa na kinakinga. J maana yake imepimwa kama ya uso wazi. NP maana yake kidevu kipo lakini hakikingi, ni kizuia upepo. Modula iliyokamilika imeandikwa P/J: imepimwa ikiwa imefungwa na ikiwa imefunuliwa. Yenye P peke yake, ukiendesha umeifunua, unaendesha na kitu ambacho hakikupimwa hivyo, na kidevu kile juu kinashika upepo kama tanga la ngalawa.

Ngoja Waje

Aisee. Nimekimbia kuangalia yangu. Mkanda hauna kitambaa chochote. Nyuma imeandikwa DOT, ECE, ISI na "Racing". Vyote kwa pamoja.

Fundi Gerezani

Hiyo "Racing" ndiyo pekee isiyo na kosa, maana haidai chochote. ISI ni alama ya India, kiwango IS 4151, na ile ya kweli huambatana na namba ya leseni. Wahindi walibana tangu Juni 2021, helmeti isiyo na alama hiyo hairuhusiwi kuuzwa kwao. Studds na Vega za kweli zinazo, na hapa Dar zinafika. Kwa mwenye laki moja na kidogo si chaguo baya hata kidogo, ila za uso mzima, zisizofunuka.

Mpwa wa Ilala

Mnajitesa bure. Njoo Mchikichini alfajiri mitumba ikifunguliwa. Nimepata Arai ya Japani, elfu sitini! Mpya ni zaidi ya milioni. Nani ananipinga?

Nesi wa Zamu

Mwenyewe wa kwanza aliiacha kwa nini?

Fundi Gerezani

Nesi kanimalizia kazi. Mpwa, helmeti iliyokwisha kupigwa, kwa nje inaweza kuonekana nzuri kuliko mpya. Gamba la faiba linarudi, rangi inapakwa, povu ndani limebonyea nawe huoni. Hata isiyopigwa ina umri: jasho, jua na mafuta ya nywele vinaila gundi na povu. Shirika la Snell la Marekani, linalopima helmeti, linashauri kubadilisha baada ya miaka mitano ya matumizi. Vua sponji ya yako utafute tarehe ya kutengenezwa, iko kwenye karatasi ndogo au imegongwa kwenye mkanda. Turudishie majibu.

Mpwa wa Ilala

2009.

Ila ni Arai.

Bi Kigamboni

Nawasoma tangu mwanzo na hakuna aliyegusa saizi. Mimi naendesha mwenyewe, navuka Daraja la Nyerere kila siku, na upepo wa pale ukikukuta na helmeti kubwa kuliko kichwa unaipata shingo.

Makabe, chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kichwa juu kidogo ya nyusi na sehemu iliyotokeza kisogoni. Kampuni nyingi sentimita 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L, 61 hadi 62 ni XL, lakini angalia jedwali lao maana wanapishana. Ukiivaa mpya, mashavu yabanwe kama umeng'ata andazi. Mashavu yatalegea baada ya wiki chache. Paji la uso halilegei: likiuma dakika kumi za kwanza litauma milele, hiyo si ya umbo lako. Kaa nayo dukani robo saa, waache wakuone mwendawazimu. Funga mkanda, inamisha kichwa, mwambie mtu aivute kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka hapo, itatoka na barabarani.

Dada zangu, pimeni na mtindo mnaosukia. Mimi nikisuka rasta, kichwa kinaongezeka karibu saizi nzima, nikinyoa helmeti inazunguka. Suluhisho langu ni kusuka mistari tu inayolala, na kofia nyembamba ya pamba chini, ambayo inafuliwa. Wigi na helmeti ni maji na mafuta.

Halafu uzito. Modula zina bawaba na komeo, nyingi ziko kati ya kilo 1.6 na 1.9, wakati ya uso mzima iko kama 1.4. Gramu hizo za ziada zinaonekana kichekesho hadi ufike foleni ya Tazara saa kumi na moja jioni. Kwako mwenye miwani nadhani inalipa. Asiye na miwani simwoni sababu yake hapa Dar zaidi ya umaridadi.

Makabe Juu

Bi Kigamboni, asante dada. Nimepima kwa futi ya mke wangu, 60. Ile iliyojifungua ilikuwa XL kwa sababu "hiyo ndiyo iliyobaki".

Boxer wa Buza

Sasa mimi mniambie. Abiria je? Nikimpa elementi ananusa kwanza, anaishika kwa vidole viwili, anaiweka gotini. Akiona trafiki mbele ndiyo anaivaa kama sufuria. Nikinunua ya laki tatu si itakaa gotini vilevile?

Bi Kigamboni

Kwa kweli hapo huna kosa peke yako, kaka. Sisi abiria tunaogopa mapunye na harufu, na nyingi zinanuka. Nunua yenye sponji ya kutoka, fua Jumapili kwa sabuni ya kawaida, anika kivulini. Weka kofia za karatasi zile za saluni. Nikikuta boda mwenye hizo namba yake naihifadhi.

Fundi Gerezani

Na usiifute kwa petroli jamani! Nimeona vijana wanang'arisha helmeti kwa petroli au thina. Polikaboneti inakufa kimya kimya, inapata nyufa usizoziona. Maji na sabuni ya mche yatosha. Wala usiitundike kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki, ile ncha inachimba povu kidogo kidogo.

Mtoto wa Temeke, Leicester

Habari zenu kutoka baridini. Wizara ya Uchukuzi ya Uingereza ina mpango unaitwa SHARP, ulianza 2007. Wananunua helmeti madukani wenyewe, wanazipiga kwa kasi tatu, mita 6, 7.5 na 8.5 kwa sekunde, wanazipa nyota moja hadi tano, na matokeo yote yako wazi mtandaoni bure. Makabe, sikiliza hapa: kwa modula wanaongeza kipimo kingine. Wanaandika ni asilimia ngapi ya mapigo kidevu kilibaki kimefungwa. Hilo ndilo swali lako neno kwa neno! Kuna zenye 100, na kuna nyingine ziko chini yake kwa mbali, na bei haifuatani na namba hiyo. Caberg Duke ya Italia ilipata nyota tano na haikuwa ya matajiri. Usiangalie nyota peke yake, shuka hadi kwenye mstari wa komeo.

Kitu kingine, huku helmeti ya pikipiki haina kodi ya VAT. Mwenye ndugu anayerudi likizo amtume, asafiri nayo mkononi, asiitupe kwenye buti la ndege.

Ngoja Waje

Kwa hiyo kwa ufupi ninunue ipi? Jina tu.

Fundi Gerezani

Kichwa chako sina hapa. LS2, HJC, Caberg, SMK (hao ni ndugu na Studds, wanatengeneza za kupeleka Ulaya), wote wana modula za ECE za bei ya kati. Zinafekiwa pia, LS2 hasa, kwa hiyo rudi kwenye kitambaa cha mkanda. Ukiona laki moja kwa modula mpya yenye jina mojawapo kati ya hayo, mtu kakuonea huruma au kakuona mjinga.

Na kama mfukoni una laki moja na nusu tu, sahau kufunuka. Chukua ya uso mzima yenye alama ya kweli. Haina bawaba, haina komeo, hakuna cha kujifungua. Pesa kidogo ikigawanywa kwenye gamba, povu, bawaba na komeo, kila kimoja kinapata makombo. Miwani nunua yenye miguu myembamba iliyonyooka, inapenya.

Makabe Juu

Wakuu, nimerudi na mrejesho baada ya wiki tano.

Nilizunguka Kariakoo Jumamosi mbili. Maduka tisa. Modula nilizoshika ni kumi na nne, nimezihesabu. Zenye kitambaa cha ECE kwenye mkanda zilikuwa tatu. Moja ya hizo kitambaa kilikuwa na duara la E bila namba yoyote ndani, nikamwonyesha muuzaji, akanijibu "namba inafutika na jasho", helmeti iko kwenye nailoni. Nyingine ilikuwa P tu, komeo la chuma, nzuri kabisa, ila paji liliniuma dakika ya sita. Ya tatu laki tano na nusu, nikaiweka taratibu kama yai.

Nikamalizia kwa shemeji aliyekuwa anarudi kutoka Uingereza. Nilitazama SHARP kwanza, nikachagua yenye 100 kwenye komeo, nyota nne. 06, P/J, saizi L, toleo la rangi lililopunguzwa bei, kijani cha ajabu kama embe bichi, ndiyo maana hawakuipenda. Imenitoka laki tatu na elfu themanini. Modeli sitaji kwa sababu Bi Kigamboni atanichapa: vichwa havifanani.

Ninavyoiona hadi sasa: navaa, kidevu juu, napachika miwani bila kupapasa, nashusha. Nikisikia "tak" naivuta kwa mikono miwili, kushoto kulia, kila asubuhi, mke wangu anasema nafanana na mtu anayejinyonga. Joto lipo, saa nane mchana ni tanuru, matundu ya juu yanasaidia ukiwa unatembea tu. Kwenye foleni iliyosimama naifunua. Ikianza kutembea nashusha, hata kama ni P/J. Jino limezibwa.

Bi Kigamboni

Hongera kaka. Kijani hicho kitaonekana usiku, usilalamike.

Boxer wa Buza

Bosi, ile ya zamani umeipeleka wapi? Kama ipo niuzie, abiria wavae. Nitaziba komeo na super glue.

Makabe Juu

Nimeikata kwa msumeno, vipande viwili. Jirani yangu naye aliiomba kwa maneno hayo hayo, na super glue hiyo hiyo. Kaninunia siku nne. Juzi kagonga mlango na futi mkononi, anauliza kipimo kinaanzia wapi.